Kuongeza kidhibiti cha kasi kwenye rekoda ya kanda ya traki nyingi

Rekoda ya zamani inayokwenda kwa kasi moja tu inakunyima nusu ya raha yake. Ukiweza kuibadili kasi kidogo, unarekodi piano kanda ikienda polepole, kisha ukiirudisha kwenye kasi ya kawaida inapanda na kung'aa. Au unaisogeza kanda nzima ilingane na ala isiyoweza kutyuniwa upya. Mwaka 1966 Ken Townsend wa studio za Abbey Road, London, aliendesha rekoda ya pili kwa osileta, yaani saketi inayotoa mawimbi ya frikwensi unayoichagua, ili sauti ya mwimbaji isikike kama imerekodiwa mara mbili. Msingi wa kazi yetu ni uleule.

Hatua ya 1: Ijue mota ya kapstani. Kapstani, kijiti kinachozunguka na kuivuta kanda, ndiyo inayoamua kasi ya kanda. Mota za magurudumu zinaikaza tu isilegee, kwa hiyo usiziguse. Fungua mchoro wa saketi. Kama mota ni ya AC ya aina ya sinkronasi, inafuata frikwensi ya umeme wa ukutani, 50 au 60 Hz, nawe utahitaji osileta, amplifaya ya nguvu na transfoma ya kupandisha volti. Ukishusha frikwensi, shusha na volti kwa uwiano huohuo, la sivyo mota itachemka. Volti hizo zinaua. Mwachie fundi aliyezizoea.

Hapa nafuata aina ya pili, mota ya sevo. Kihisio kwenye mota kinatoa mapigo, saketi inayalinganisha na mapigo ya kristali, kipande kinachotoa mapigo yasiyoyumba, kisha inaongeza au kupunguza nguvu mpaka yaende sambamba. Ukibadili mapigo ya kristali, mota inafuata yenyewe.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kuingilia. Kabla ya kukata chochote, kagua soketi za nyuma. Mashine nyingi za studio zina pini ya kupokea mapigo ya nje, mara nyingi 9,600 Hz. Kama ipo, una bahati: hutakata hata waya mmoja. Kama haipo, fuata njia kutoka kwenye kristali hadi mapigo yanapoingia kwenye saketi ya kulinganisha. Pima hapo frikwensi na volti kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la mawimbi ya umeme, katika kila kasi ya mashine.

Hatua ya 3: Tengeneza osileta. Usitumie 555, chipu ya kawaida ya kutoa mapigo. Inayumba joto linapobadilika, na sikio la mwanamuziki halisamehi. Moduli ya AD9833, chipu inayotengeneza mawimbi kidijitali, ikiongozwa na mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) inatosha kabisa: kwa saa ya 25 MHz, inapanda kwa hatua ndogo kuliko 0.1 Hz. Nusu toni juu ni kuzidisha kwa 1.0595, yaani 9,600 Hz inakuwa takriban 10,171. Nusu toni chini ni takriban 9,061.

Saketi za zamani mara nyingi hutumia volti 12 au 15, na moduli haifiki huko. Pitisha mawimbi kwenye LM393, chipu ya kulinganisha volti inayoyageuza kuwa mapigo, na rezista ya kuvutia juu uiunge kwenye volti za saketi ya mashine yenyewe.

Hatua ya 4: Swichi. Tumia relei, swichi inayoendeshwa na umeme, uifunge hivi: isipopata umeme, kristali ndiyo inayoongoza. Kifaa chako kikizimika ghafla, mashine inabaki nzima. Geuza swichi wakati kanda imesimama, maana sevo ikikosa mapigo inaweza kukimbia ovyo. Waya uwe wenye ngao, ngao iungwe graundi upande mmoja tu.

Hatua ya 5: Jaribu kwa kanda isiyo na thamani. Rekodi toni ya 1,000 Hz kwa kristali, icheze nusu toni juu: kaunta ya frikwensi isome karibu 1,059.5. Kisha panda polepole mpaka sevo ishindwe kushika, na toni ianze kutetemeka. Rudi nyuma vya kutosha, uweke kikomo hapo ndani ya programu. Fanya vivyo hivyo kushuka. Mwisho rudisha kristali. Kaunta lazima isome kama mwanzo.

Ikwalaiza ya kuchezea, saketi inayosawazisha sauti za juu na za chini kanda inapochezwa, haibadiliki na kasi, kwa hiyo ukienda mbali utasikia sauti za juu zimebadilika. Kwa nusu toni tofauti ni ndogo. Kwenye boksi la kanda andika frikwensi uliyotumia kwa Hz, si alama ya kitufe, ili atakayeifungua kanda kwenye mashine nyingine aweze kuirudia kasi ileile.