Ndege ya kujiundia: anza na mkia

Ukitamani kuunda ndege nyumbani, usilipie seti nzima ya vipande kwa mkupuo. Van's Aircraft, kampuni ya Oregon, Marekani, huuza ndege zao za kujiundia, ziitwazo RV, kwa mafungu: mkia, mabawa, kiwiliwili. Nunua mkia kwanza. Hapo utatoboa bati la alumini, utapiga ribiti mamia kwa mamia, na utajua kama subira unayo na kama walio nyumbani wanazistahimili kelele. Zenith, kampuni nyingine kama hiyo huko Missouri, hata wana mafunzo ya siku mbili: unaunda usukani wa mkia kwa mikono yako. Halafu chagua kwa safari unazosafiri kweli. Viti vinne kwa anayeruka peke yake ni miaka ya kazi ya ziada, na injini kubwa inayokunywa mafuta.