Somo: Kuanza Kazi ya Misitu na Upandaji Miti Nyanda za Juu Kusini

Vijana wengi wanaoulizia kazi ya misitu huifikiria siku ya kupanda, pengine kwa sababu ndiyo siku ambayo viongozi hupigwa picha. Katika mashamba ya miti ya Mufindi, Njombe na Makete, nchini Tanzania, upandaji hufanyika kwa majuma machache tu baada ya mvua kukolea, na ajira yake huisha miche inapokwisha. Kazi inayodumu ni ya utunzaji, yaani kitalu, palizi, upogoaji (kukata matawi ya chini), upunguzaji wa miti na ulinzi dhidi ya moto. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuajiriwa na kubaki kazini baada ya msimu.

Hatua ya kwanza ni kitalu, na hata mwenye cheti asiiruke. Mbegu za msindano (paini) huoteshwa kwenye tuta la mchanga, kisha mche huhamishiwa kwenye kiriba, yaani kifuko cha udongo, ukiwa bado umesimama kama njiti ya kiberiti, pengine ganda la mbegu likiwa lingali kichwani. Hapa ndipo msimamizi humtambua mfanyakazi. Asiyejua hushika shina kwa vidole na kuliminya, akautia mzizi ndani ya tundu fupi hadi ukajikunja kama ndoana. Mche huo utaonekana mzima kitaluni, lakini utakapokuwa mti utakosa mshiko wa kutosha ardhini na unaweza kuangushwa na upepo. Anayejua hushika jani, hutoboa tundu refu kwa kijiti, huushusha mzizi ukiwa umenyooka, kisha huukandamizia udongo taratibu ili pasibaki hewa.

Adui mkubwa wa hatua hii ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shingo ya mche usawa wa udongo hadi mche ukalala. Mara nyingi huletwa na maji mengi, kivuli kizito na mbegu zilizobanana, kwa hiyo mwagiliaji hodari ni yule anayegusa udongo kabla ya kunyanyua keni. Majuma ya mwisho kabla ya kupanda, kivuli huondolewa, maji hupunguzwa, na mizizi iliyotoboa kiriba hukatwa, ili mche ulioshapata urefu wa sentimita 20 hadi 30 uzoee ukali wa shambani.

Hatua ya pili, upandaji wenyewe, haina mengi. Mashimo hupimwa kwa kamba, na nafasi ya mita 3 kwa 3 huchukua miche 1,111 kwa hekta moja, sawa na takriban 450 kwa ekari. Panda udongo ukiwa umelowa hadi chini, ondoa kiriba chote, na uzibe mapengo ya miche iliyokufa ndani ya msimu huohuo, kwa sababu mche utakaopandwa mwaka unaofuata utafunikwa na wenzake.

Hatua ya tatu ndiyo inayotenganisha shamba na pori. Kila mche hupaliliwa kisahani, yaani duara la takriban mita moja kuuzunguka, na mikaratusi hasa haivumilii nyasi. Miti ikifunga matawi, yaani matawi ya miti jirani yakigusana, ndipo upogoaji huanza. Tumia msumeno wa kupogolea, usitumie panga: panga huacha kisiki cha tawi au huchubua gome, na kisiki hicho humezwa na shina likinenepa, kikawa fundo lililokufa ambalo hudondoka mbao inapokauka na kuacha tundu. Wala usipogoe kupita nusu ya urefu wa mti, kwa kuwa majani ndiyo yanayoulisha.

Hatua ya nne ni kupunguza miti na kuzuia moto. Wamiliki wadogo huona uchungu kukata mti uliokwisha kusimama, lakini miti iliyopinda, yenye panda na iliyobanwa ikiachwa, shamba zima hutoa mbao nyembamba. Njia za kuzuia moto husafishwa kabla ya kiangazi kukaza, si moshi unapoonekana.

Hatua ya tano ni masomo. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, hutoa astashahada na stashahada. Chuo cha viwanda vya misitu kilichopo Moshi kinamfaa anayependa upande wa mbao. Na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutoa shahada. Pamoja na masomo, isome Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa kuwa ofisa misitu hutumia muda mwingi kwenye vibali vya uvunaji, nyundo ya kugongea alama kwenye magogo na hati za kusafirishia mazao.

Maswali na majibu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Miche yangu ya misindano imedumaa na kuwa ya njano ingawa nimeweka samadi na ninamwagilia kila siku. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Misindano huhitaji kuvu wa mizizini wanaoisaidia kufyonza virutubisho, hasa fosforasi, na kuvu hao hawapatikani katika udongo wa kawaida wa shambani. Chukua udongo wa juu chini ya misindano iliyokomaa yenye afya, uuchanganye na udongo wa viriba, na upunguze samadi pamoja na maji.

Swali: Nimemaliza kidato cha nne, lakini sina ada ya chuo. Je, nitapata kazi?

Jibu: Utaipata kama kibarua wa kitalu au mpogoaji. Andika daftari la kazi zako, yaani tarehe ya kusia, idadi ya miche iliyoota na iliyokufa, na umwombe msimamizi alitie sahihi. Mwajiri anayefuata atalisoma kwa makini kuliko barua ya maombi. Hata hivyo usikae hivyo miaka mingi, kwa sababu nafasi ya usimamizi mara nyingi huombwa kwa cheti.

Swali: Mteja wangu anataka nimpandie mikaratusi hadi ukingoni mwa kijito, kwa kuwa hapo inakua haraka. Nikikataa atamwajiri mwingine.

Jibu: Kataa, ndugu yangu, na umweleze sababu. Mikaratusi hukua haraka hapo kwa kuwa inakunywa maji hayo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za kingo za mito. Mshauri aanzie mstari wake nje ya mita hizo, na sehemu ya ukingoni apande miti ya asili inayohifadhi maji, kama mivengi, ambayo unaweza kumwotesha wewe mwenyewe kitaluni.