Wazee na vijana katika mkutano mmoja: namna ya kuendesha mkutano mkuu wa kijiji usivunjike

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na katika vijiji vingi vya Mtwara na Lindi huvunjika kwa namna ileile: vijana wanazomea, wazee wananuna, mwenyekiti anaahirisha.

Mzee wa miaka 75 alizaliwa zama za maliwali na majumbe, watawala wa mitaani enzi za ukoloni. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963 alikuwa mtoto, miaka ya 1970 akahamishiwa kijiji cha ujamaa, na balozi wa nyumba kumi akawa ndiye serikali. Kwake amri hutoka kwa mtu. Nyumbani ni vivyo hivyo: kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kijana wa miaka 25 amekulia vyama vingi, vurugu za Mtwara za mwaka 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam zilimkuta shuleni, na bei ya mnada wa korosho huipata kwenye simu kabla AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, haijabandika. Kwake kiongozi ni mtu wa kutoa hesabu. Adabu anayo, shikamoo anaitoa. Asichokubali ni kwamba mkubwa hahojiwi. Mzee naye hatetei wizi. Kinachomuudhi ni kuona mwenyekiti akihojiwa hadharani kama mtoto.

Wiki moja kabla. Bandika tangazo lenye ajenda ofisini, msikitini na kijiwe cha bodaboda, kisha litume kwenye kundi la WhatsApp. Kwa wazee mtume mjumbe kwa miguu, maana mzee asiyeitwa kwa kinywa hujihesabu hakuitwa. Epuka Ijumaa. Oktoba na Novemba watu wanaokota korosho asubuhi, kwa hiyo anza saa nane mchana.

Siku tatu kabla. Kaa na wazee watano, wawemo makungwi, uwaonyeshe hesabu. Mzee aliyeshtukizwa mkutanoni hutetea kiti badala ya kusikiliza. Ila kikao hiki kisiamue lolote. Vijana wakisikia jambo lilipitishwa barazani usiku, hesabu yako hata iwe safi haitaaminika.

Hesabu yenyewe. Andika kwa mkono kwenye karatasi kubwa, isomeke kutoka hatua tano: kilichoingia, kilichotoka, aliyeidhinisha, namba ya risiti. Futa mstari wa "matumizi mengineyo". Huo ndio unaoanzisha zogo, hata ukiwa wa elfu ishirini.

Siku ya mkutano. Panga duara, wanawake wasiwekwe nyuma, wazee wapate kivuli. Vijana wapate pa kukaa, kwa sababu wanaobaki wamesimama kando ya pikipiki ndio huanza kuzomea. Mzee mmoja afungue kwa dua na maneno ya dakika tano, kisha soma hesabu hapo hapo, kabla ya maendeleo ya shule na mengine yote.

Kwenye maswali, mpangilio wa wasemaji ndio unaoamua kila kitu. Chukua maswali matatu kwa mkupuo: kijana kwanza, mwanamke, mzee mwishoni. Mzee akitangulia, wapwa zake hawatampinga mjomba wao mbele ya watu. Watampinga baadaye kijiweni, na uamuzi utakuwa umekufa kabla ya magharibi. Akisema mwisho, heshima yake inabaki, maana ndiye anayefunga neno.

Swali likimgusa mwenyekiti, mtendaji wa kijiji ajibu. Yeye ndiye katibu na ameajiriwa na halmashauri ya wilaya. Risiti ikikosekana, sema haipo na utaje tarehe ya kuileta. Usithubutu kusema "wewe mtoto wa juzi": wa miaka 18 anapiga kura, wa 21 anaweza kugombea kiti cha mwenyekiti. Joto likipanda, mwachie mtani wa ukoo aseme. Mtani husema lisilosemeka na watu wakacheka.

Kupiga kura. Mikono inatosha kwa mambo madogo. Kwa ardhi haitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mpwa anayeinua mkono huangalia kwanza mkono wa mjomba. Tumia vikaratasi vya rangi mbili na boksi moja, ili asiyejua kusoma naye apige kura yake mwenyewe. Mwanamke mmoja na kijana mmoja wahesabu kwa sauti.

Baada ya hapo. Soma maazimio kabla watu hawajatawanyika, wayasikie kwa masikio yao. Ndani ya siku tatu bandika muhtasari na utume picha yake kwenye kundi. Andika maswali na majibu, lakini acha majina ya waliouliza. Jina la mpwa likizunguka kwenye simu, ugomvi unahamia nyumbani kwa mjomba, na mkutano ujao kijana huyo haji.