Kutengeneza Mkaa Mbadala kwa Mabaki ya Mbao

Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ambako Shamba la Miti Sao Hill hulisha viwanda vingi vya kupasua mbao, mabanzi na maranda hurundikana na mara nyingi huchomwa bure, ilhali mabanzi hayo yanafaa sana kwa mkaa mbadala.

Kwanza tenga mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, kwa kuwa moshi na majivu yake ni sumu. Anika mabanzi yakauke, yapange ndani ya pipa la chuma na uyawashe. Moshi mzito mweupe ukianza kuwa mwepesi, funika pipa na uzibe kila tundu kwa udongo. Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa, maana hewa ikipenya utabakiwa na majivu matupu.

Mkaa ukishapoa kabisa, utwange, uuchekeche, kisha uukande kwa uji mzito wa muhogo mpaka tonge lishikane mkononi bila kuchuruzika. Shindilia kwenye kalibu na uanike vipande mpaka vikauke hadi ndani.

Maranda hayafai kwa pipa hili, kwani hushikamana na kuzuia hewa. Yatandaze bandani mwa kuku, na yakishachanganyika na kinyesi yaozeshe yawe mboji ya bustani.