Safari ya Mawimbi ya Mwambani: Anza na Kalenda ya Maji

Safari nyingi za visiwani za kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao nimeona zikiharibikia nyumbani, siku ya kuchagua tarehe. Watu hutazama picha, mimi natazama mwezi.

Chukua Mentawai, Indonesia. Mawimbi makubwa huko hufika kati ya Juni na Agosti, yakitoka kwenye dhoruba za kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Mimi huenda Mei au Septemba, maana mawimbi yapo na watu wamepungua. Kisha nafungua jedwali la maji kujaa na kupwa. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na maji yake yakipwa, mwamba uliokuwa umefunikwa unaweza kutoka nje kabisa. Ukiwa na siku 10 tu, zipange zikutane na maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana.

Kwenye utabiri wa mawimbi usisome kimo cha wimbi peke yake. Mita 1.5 yenye sekunde 16 kati ya wimbi na wimbi ina nguvu kuliko mita 1.5 ya sekunde 9: wimbi la sekunde 16 hugusa chini mapema, kisha linasimama ghafla.

Beba mbao tatu, mmoja mrefu kwa siku kubwa, na kamba za mguu za akiba. Kabla ya kulipia tiketi, uliza ndege ndogo inapokea ubao wa urefu gani.

Sasa majeraha, na hapa naomba unisikilize. Niliwahi kukatwa kisigino, nikasuuza kwa maji ya bahari na kurudi majini. Kidonda kiligoma kufunga wiki tatu, mpaka kikatoka kipande cheupe cha tumbawe, kidogo kama punje ya mchele. Tangu hapo natembea na kibano, brashi laini na sabuni. Suuza kwa maji safi mengi, sugua hata kama inauma, toa kila punje. Wekundu ukianza kupanda mguuni au homa ikaja, ni hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo jua mapema hospitali iko wapi, boti inaondoka siku zipi, na kama bima yako inalipia kusafirishwa kutoka kisiwani.

Ukifika, usiingie mara moja. Kaa ufukweni uone maji yakijaa na kupwa, utafute mlango ambapo maji yanarudi baharini bila wimbi kuvunjika. Hapo ndipo utakapopitia kwenda na kurudi.