Jinsi ya Kukadiria Mwinamo wa Kimiminika Ndani ya Gari Linalobadili Kasi

Anayesafirisha kimiminika katika chombo kilicho wazi anapaswa kujua, kabla gari halijaondoka, uso wa kimiminika hicho utainama kiasi gani na chombo kiachiwe nafasi gani juu ili kisimwage. Hesabu yake ni fupi, na inafaa ifanywe kila mara.

Gari linalokwenda kwa kasi isiyobadilika katika barabara tambarare iliyonyooka haliinamishi maji hata kidogo, liwe linakwenda kilomita 20 au 100 kwa saa. Kinachoyainamisha ni mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde. Gari linapoongeza kasi, maji yote hayana budi kusukumwa mbele, na msukumo huo hupatikana tu ikiwa shinikizo la upande wa nyuma ni kubwa kuliko la mbele. Kwa kuwa shinikizo ndani ya maji hutokana na kina chake, maji hujipanga yakawa na kina kikubwa zaidi nyuma. Gari linapofunga breki, mambo hugeuka na maji hupanda mbele.

Anza kwa kutafuta mchapuko. Gari linalotoka kwenye kutulia hadi kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde, katika muda wa sekunde 5, lina mchapuko wa mita 2 kwa sekunde mraba. Gawanya kwa 9.8, ambao ni mchapuko wa mvutano wa dunia, nawe utapata takribani 0.2. Huo ndio mwinamo wa uso, sawa na pembe ya digrii 11.5 hivi. Uzito wa kimiminika haumo kabisa katika hesabu hii: maji, mafuta ya taa na asali huishia kwenye mwinamo uleule, ingawa asali huchelewa kuufikia.

Kisha zidisha mwinamo huo kwa urefu wa chombo, ukipimwa kwa kufuata mwelekeo wa safari. Chombo chenye kuta wima na urefu wa sentimita 40 kitakuwa na tofauti ya sentimita 8 kati ya ncha mbili. Maji yatapanda sentimita 4 nyuma na kushuka sentimita 4 mbele. Hata hivyo, nafasi ya kuacha isipangwe kwa kuangalia uondokaji, bali breki. Breki kali inaweza kupunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde mraba, na hapo maji ya chombo hichohicho hupanda zaidi ya sentimita 14. Ikiwa kina chake ni kidogo kuliko hicho, sehemu ya sakafu ya chombo itabaki wazi na hesabu hii haitafaa tena.

Katika kona, mchapuko ni kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa nusu kipenyo cha kona. Mita 15 kwa sekunde katika kona ya nusu kipenyo cha mita 50 hutoa mchapuko wa 4.5, na uso huinama karibu digrii 25, maji yakipanda upande wa nje. Hapa upana wa chombo ndio unaotumika badala ya urefu.

Hesabu zote hizo zinahusu maji yaliyokwisha kutulia katika mwinamo wake, na hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Breki ikikanyagwa ghafla, maji hupita mwinamo huo na wimbi la kwanza huweza kukaribia mara mbili ya kimo kilichokokotolewa, kisha huyumba mbele na nyuma. Chombo cha sentimita 40 chenye maji ya kina cha sentimita 10 huyumba mara moja kwa takribani sekunde 0.9, kwa hiyo kanyaga breki polepole, nguvu yake ikue kwa sekunde mbili au zaidi. Tangi refu huyumba taratibu zaidi, na wimbi lake laweza kulisukuma lori mbele hata baada ya magurudumu kusimama.

Kwa sababu hiyo, tangi la lori hugawanywa kwa kuta za ndani, nyingine zikiwa na matundu. Vyumba vinne vilivyozibwa hupunguza mwinuko hadi robo, kwa kuwa kila kimoja kina robo ya urefu. Kulijaza pomoni si suluhisho, maana kimiminika hutanuka kwa joto na lazima kiachiwe nafasi. Kuta zinazokatiza urefu hazizuii maji kwenda pembeni, kwa hiyo dereva apunguze mwendo kabla ya kuingia kona, hasa tangi linapokuwa nusu, kwani uzito unaohamia upande wa nje ndio unaoweza kulipindua lori.

Ukitaka kupima mchapuko wenyewe, pinda mpira mwangavu wa kupitishia maji uwe na miguu miwili wima iliyoachana sentimita 30, utie maji ya rangi, na uufunge ukifuata urefu wa gari. Tofauti ya sentimita 3 kati ya miguu hiyo humaanisha mchapuko wa karibu mita 1 kwa sekunde mraba. Upime katika barabara tambarare, kwa maana mlimani miguu hutofautiana hata gari likiwa limesimama.