Jinsi ya Kuandika Hati ya Mauziano ya Vifaa vya Fiziotherapia Vilivyotumika

Anza kwa kukiandika kila kifaa peke yake: jina lake, mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho iliyobandikwa mgongoni au chini yake, mwaka kilipotengenezwa na viambatanisho vinavyouzwa pamoja nacho.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa ni hali ya kifaa, kwa kuwa mashine ya ultrasaundi, yaani ile inayotibu kwa mawimbi ya sauti, inaweza kuwaka vizuri huku ikitoa nguvu tofauti na ile inayoonyeshwa kwenye kioo, jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa. Kwa hiyo taja tarehe ya urekebishaji wa mwisho wa vipimo, ambatanisha cheti chake, na ueleze waziwazi kila kasoro unayoijua, hata mpasuko mdogo kwenye ngozi ya kitanda cha tiba, maana hapo ndipo vijidudu hujificha. Eleza pia kifaa kilivyosafishwa na kutakaswa kabla ya kukabidhiwa.

Iwapo mashine imehifadhi taarifa za wagonjwa, zifute kwanza, kisha uandike kwamba zimefutwa.

Malizia kwa bei, namna ya malipo, masharti ya dhamana au kutokuwepo kwake, na tarehe ya makabidhiano. Pande zote mbili zitie saini, na kila upande ubaki na nakala.